Filtri ya mafuta iliyojificha: namna ya kuibadilisha nyumbani

Mwenye gari anaipeleka kwenye garaji, analipa vidanje, anaona mafuta meusi yanashuka ndani ya basani na mafuta mapya yanamiminwa juu. Anarudia nyumbani moyo umetulia. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuona, na mara nyingi hakuuliza: ile filtri ya mafuta, imebadilishwa ao imebaki ile ile ya zamani?

Kwa gari ambayo filtri yake iko mahali pa wazi, jibu ni jepesi, mtu anachungulia tu. Shida iko kwa gari zile ambazo filtri imefichwa: nyuma ya motere, juu ya kile chuma kinachoshikilia magurudumu ya mbele, ao pembeni ya bomba la moshi, mahali mkono unaingia kwa shida na jicho haliingii kabisa. Hiyo njo inaachwa. Fundi ana gari tatu zinamngojea, mteja amebishana naye bei ya kazi mpaka imebaki karibu bure, na mafuta mapya yakiisha kuingia motere inanguruma vizuri. Nani atajua?

Hatusemi mafundi wetu ni wezi. Wengi wanafanya kazi yao vizuri, tena ndani ya matope na bila vyombo. Lakini kazi ya dakika 20 na kazi ya saa moja na nusu haziwezi kulipwa bei moja, na sisi wateja tunataka zilipwe bei moja. Kwa hiyo mwenye gari ana njia mbili: alipe vizuri na aombe aonyeshwe filtri ya zamani, ao ajifunze kuibadilisha mwenyewe, ndani ya kiwanja chake. Njia hiyo ya pili inawezekana, kwa vyombo vidogo, kama mtu anachukua wakati wa kuitafuta filtri kabla ya kufungua kitu chochote.

Filtri inafanya kazi gani?

Mafuta yanazunguka ndani ya motere mfululizo. Pompi inayavuta kutoka chini, kwenye karteri, inayasukuma ndani ya filtri, kiisha yanapanda kwenye vyuma vinavyosuguana. Ndani ya lile kopo la filtri kuna karatasi iliyokunjwa kunjwa kama fizarmoni. Karatasi hiyo njo inashika unga wa chuma, masizi na uchafu.

Karatasi ikijaa, wengi wanafikiri mafuta yatashindwa kupita na motere itakamata palepale. Haiendi vile. Wenye kutengeneza waliweka mlango mdogo wenye springi, kwa filtri nyingi uko ndani ya kopo lenyewe. Karatasi ikiziba, ule mlango unafunguka na mafuta yanapita bila kuchujwa. Motere inaendelea kupata mafuta, ila sasa ni mafuta yenye uchafu, na uchafu ule unakwangua vyuma pole pole. Hakuna taa inayowaka, hakuna kelele. Shofere anaendelea na kazi miezi na miezi, mpaka siku motere inaanza kula mafuta ao inagonga. Siku hiyo hakuna mtu atakumbuka filtri.

Sasa fikiria Hiace iliyobeba watu na mizigo, inapanda Ngomo kutoka Kamanyola, gia ya kwanza na ya pili, jua kali, vumbi la gari inayotangulia linaingia kila mahali. Motere ya vile inachafua mafuta haraka kuliko ile inayotembea kwenye lami ya tambarare. Ndiyo maana kwa barabara za kwetu mashofere wengi wanafanya vidanje kila kilometa 5 000, na hawakosei. Taksi inayotembea kilometa 100 kwa siku inafika hesabu hiyo kwa siku 50. Tunasema siku kwa makusudi, kwa sababu gari nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, konteri yake imekufa. Andika tarehe ya vidanje kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango, hesabu siku.

Kwanza itafute, usifungue kitu

Kazi hii inaanza jioni ya siku ya mbele, motere ikiwa baridi. Chukua simu yenye kamera, washa taa yake, iweke kwenye video, kiisha pitisha mkono wenye simu kila mahali ambapo kichwa chako hakiingii. Kiisha kaa chini, angalia video pole pole. Filtri ni kopo la chuma, kubwa kama ngumi ao kubwa kidogo kupita, mara nyingi nyeupe, nyeusi, buluu ao rangi ya machungwa, imefungwa moja kwa moja kwenye ubavu wa motere. Kama iko na namba, ipige picha. Filtri za Toyota wenyewe, nyingi zina namba inayoanza na 90915. Namba kamili njo utaonyesha muuzaji, usimwambie tu “nipe filtri ya RAV4”, kwa maana jina moja la gari linaweza kuwa na motere tatu ao ine.

Ukiisha kuiona, tafuta njia ya mkono. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutoka juu, ukiondoa kwanza bomba kubwa la hewa kama linazuia. Ya pili ni kutoka chini. Ya tatu watu wengi hawaifikirie: kutoka ubavuni, mahali pa gurudumu. Unageuza usukani mpaka mwisho, ao unatoa gurudumu kabisa, unafungua kile kipande cha plastiki ao cha kauchu kinachokinga matope, na mara unaona filtri iko mbele ya macho. Kwa gari nyingi za 4x4, mlango huo wa ubavuni njo unaokoa mtu. Kwa Hiace, motere iko chini ya viti vya mbele. Ukiinua kiti unaona sehemu ya juu, lakini kwa filtri yenyewe ujaribu pia kutoka chini, mkono ukipita kati ya motere na fremu.

Usipime mkono tu. Pima na kopo. Filtri mpya ukiwa nayo mkononi, ipitishe kwenye ile njia uliyochagua, uone kama inafika bila kukwama. Kuna mahali mkono unapita mtupu lakini ukishika filtri haurudi. Ni heri kujua hilo jioni kuliko kesho, mafuta yakiwa yanamwagika juu ya kifua chako.

Kununua filtri

Filtri za kuiga ziko nyingi kwenye soko zetu, na karatasi ya nje inafanana sana. Fungua boksi mbele ya muuzaji. Angalia upande wenye tundu: katikati kuna tundu kubwa lenye nyuzi za kuzungushia, pembeni yake kuna matundu madogo. Ingiza kijiti safi ndani ya tundu dogo, sukuma polepole. Unapaswa kugusa kauchu laini inayorudi nyuma. Hiyo kauchu inazuia mafuta yasirudi chini wakati motere imezimwa. Kwa filtri iliyolala ubavu ao iliyoangalia juu, na nyingi za hizi zilizojificha zimekaa hivyo, bila kauchu hiyo mafuta yote yanashuka usiku, na kila asubuhi motere inawaka kavu sekunde kadhaa. Unasikia inagonga kidogo, kiisha inanyamaza. Kama gari yako inafanya hivyo kila asubuhi, angalia filtri mbele ya kumwita fundi kufungua motere.

Angalia pia jwenti, yaani ile pete ya kauchu ya nje. Ikae sawa ndani ya mfereji wake, isiwe imekauka ao kupasuka.

Kuna gari za miaka ya nyuma si mingi ambazo hazina kopo la chuma. Ziko na kofia ya plastiki ao ya aluminiamu, na ndani mnaingia karatasi tu. Kofia hiyo inaomba ufunguo wake, na pete yake ya kauchu inabadilishwa kila mara. Plastiki ikikazwa kwa nguvu ya mkono wa fundi wa lori inapasuka. Mengine yote tunayosema hapa yanabaki vilevile.

Kuinua gari: hapa njo watu wanakufa

Maneno haya ni makali, na tunayasema kwa kusudi. Kriki ni chombo cha kuinua gari. Kazi yake inaishia pale. Mtu asiingize hata bega chini ya gari inayoshikiliwa na kriki peke yake, hata kama ni “dakika moja tu”. Kriki inateleza, ao ardhi inazama, na gari haina huruma.

Chini ya gari weka magogo ya mti mgumu, mapana, yaliyopangwa kwa kupishana kama vile watu wanapanga matofali. Goma tuna mawe ya volkano kila mahali na watu wanayatumia. Hapana. Jiwe lile lina matundu ndani, linaweza kuvunjika ghafula kwa uzito. Bloke za siman na matofali ya kuchoma ni vilevile: vinabeba, vinabeba, kiisha vinapasuka bila kuonya. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe. Mbele ya kuingia chini, sukuma gari kwa nguvu ya mabega yako. Kama inacheza, haujamaliza. Kama umetoa gurudumu, lilaze chini ya ubavu wa gari, ni ulinzi wa pili. Na usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Mtu mzima awe karibu, watoto wawe mbali.

Kwa Land Cruiser na Hiace zilizosimama juu, mtu mwembamba anaweza kuingia bila kuinua kitu. Hiyo njo nzuri kuliko zote. Kwa Bukavu na Butembo, ambako kiwanja cha tambarare ni mali, omba jirani mwenye mahali palipo sawa. Juu ya mteremko hata ukimaliza bila kuumia, kipimo cha mafuta kitakudanganya.

Vidanje yenyewe

Washa motere dakika tano hivi, mafuta yapate joto na yashuke vizuri. Kiisha zima na ungoje. Mafuta ya vuguvugu ni mazuri, mafuta ya moto yanachoma ngozi, na bomba la moshi linachoma zaidi. Kwa filtri iliyo pembeni ya bomba la moshi, ngoja nusu saa. Uli na haraka? Basi fanya siku ingine.

Fungua kifuniko cha juu, mahali pa kumiminia. Chini ya karteri fungua bushoni ya vidanje. Kwa Toyota nyingi ni ufunguo wa 14. Hakikisha ni bushoni ya motere, maana iko pia ya sanduku la gia, na kuna watu wamemwaga mafuta ya gia wakifikiri ni ya motere, kiisha wakajaza motere mara mbili. Acha mafuta yashuke mpaka yanadondoka tone moja moja. Safisha bushoni, weka rondela mpya kama ile ya zamani imelala, funga.

Sasa filtri. Upande wa kuzungusha unachanganya wengi, kwa sababu mkono uko nyuma ao juu chini. Kanuni ni moja: jifikirie unaangalia kopo kwenye matako yake, upande uliofungwa. Kufungua ni kinyume cha mshale wa saa. Kama unaigusa kutoka nyuma na uso wako uko upande wa mbele, mkono wako utaona ni kinyume. Mtu akikosea hapo anaikaza badala ya kuifungua, kiisha anasema filtri imekamata.

Jaribu kwanza na mkono. Mkono wenye mafuta unateleza, kwa hiyo panguza kopo sana, kiisha zungushia kipande cha msasa, upande mkali ukigusa kopo. Ikikataa, chukua kipande cha shambreri ya baiskeli, kizungushe mara mbili ao tatu juu ya kopo, kivute. Kauchu inakamata chuma vizuri sana, na inapita mahali ufunguo haupiti. Mkanda wa zamani wa motere unafanya kazi ileile. Kama una pesa kidogo, nunua ule ufunguo wa kofia: ni kama kikombe kinachovaa matako ya filtri, unaunganisha na ufunguo mrefu na unazungusha ukiwa mbali. Kwa filtri iliyojificha hakuna chombo kinachopita hicho, ila kinapaswa kulingana na filtri yako, kwa hiyo peleka filtri mpya wakati wa kukinunua.

Kuna wanaochukua turnevisi na nyundo, wanatoboa kopo kutoka upande mmoja mpaka mwingine, wanalizungusha kama msalaba. Wakati mwingine inafaa. Lakini chuma cha kopo ni laini, mara kinapasuka kama karatasi na unabaki na kipande cha chini kimeng’ang’ania kwenye motere. Na ukiisha kutoboa, gari hiyo haitembee tena mpaka filtri mpya imeingia. Kwa mahali pa kufichama, ambapo nyundo haina nafasi ya kupiga, sisi tunaona afazali kuiacha njia hiyo.

Ikilegea, simama. Usiendelee kuzungusha. Ndani ya kopo kuna kikombe kizima ao viwili vya mafuta, na yatashuka juu ya kila kitu kilicho chini: demarere, nyaya, bomba la moshi. Chukua mfuko mzima wa plastiki, uvalishe filtri kama kofia, uushike vizuri kwenye shingo, kiisha maliza kuzungusha ukiwa nje ya mfuko. Filtri inaangukia ndani pamoja na mafuta yake. Kwa yale yatakayopona, kata bidoni ya plastiki kwa urefu, upate kama mfereji, uingize chini ya filtri ili upeleke mafuta kwenye basani. Demarere ifunike na kitambaa. Mafuta yaliyobaki juu ya bomba la moshi yapanguzwe yote, maana bomba likipata moto yatatoa moshi, na yanaweza kuwaka.

Kidole kimoja kinachookoa motere

Ukiisha kutoa filtri ya zamani, igeuze na uangalie: jwenti yake iko? Pete ya kauchu wakati mwingine inabaki imeshikamana na motere. Mtu asiyeiona anafunga filtri mpya juu yake, jwenti juu ya jwenti. Anawasha, kwa dakika moja ao mbili kila kitu ni kizuri, kiisha kauchu ya juu inateleza na pompi inatupa mafuta yote chini. Motere inakauka ikiwa inazunguka. Hii njo ajali kubwa ya kazi hii, na inatokea zaidi kwa filtri iliyojificha, sababu hakuna mtu anaona pale mahali.

Pitisha kidole mzunguko mzima mahali filtri ilikaa. Unapaswa kugusa chuma laini peke yake. Ukigusa kitu kinachobonyea, kitoe. Kiisha pitisha simu, piga picha, angalia. Panguza na kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Paka mafuta mapya juu ya jwenti ya filtri mpya, kwa kidole. Kama filtri inakaa ikiangalia chini, unaweza kuijaza mafuta mbele ya kuifunga. Kama inalala ubavu, iache, utamwaga bure. Wakati wa kuanza kufunga, izungushe kwanza kidogo upande wa kufungua mpaka unasikia nyuzi zimeangukiana, kiisha anza kufunga. Ikiwa ngumu tangu mzunguko wa kwanza, imeingia kombo. Toa, anza tena.

Funga kwa mkono mpaka jwenti inagusa motere. Toka hapo ongeza robo tatu ya mzunguko, ao kama vile imeandikwa kwenye kopo. Utajua namna gani robo tatu bila kuona? Mafiltri mengi yana namba 1, 2, 3, 4 zimeandikwa kuzunguka kopo. Kama hazipo, ziandike mwenyewe na kalamu ya wino mzito. Namba inayokuangalia wakati jwenti inagusa, ikumbuke, na uzungushe mpaka namba tatu nyingine zimepita mahali pake. Usitumie ufunguo kukaza. Filtri iliyokazwa na ufunguo njo ile inayokataa kutoka wakati mwingine.

Kwa kalamu ileile andika tarehe juu ya kopo. Siku utapeleka gari kwa garaji, ile tarehe njo ushahidi wako. Ukirudi na tarehe ya zamani ingali pale, mtazungumza.

Kuwasha

Mimina mafuta, lakini usimwage bidoni nzima kwa mazoea. Motere ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyo ndani ya Probox nyingi, inachukua lita 3.7 pamoja na filtri. Nyingine zinachukua zaidi, na za dizeli kubwa zaidi tena. Mafuta yakizidi nayo yanaharibu. Weka kidogo chini ya kiasi, upime na kijiti.

Mbele ya kuwasha, zungusha ufunguo bila kuanzisha motere. Kwenye tablo ile taa nyekundu yenye sura ya birika linalodondosha tone inapaswa kuwaka. Kama haiwaki, taa imekufa ao mtu aliikata, na hauna mlinzi. Tengeneza hiyo kwanza. Sasa anzisha, bila kukanyaga. Taa inapaswa kuzimika kwa sekunde chache, filtri ikijaa. Ikiendelea kuwaka, zima palepale. Mtu wa pili awe ameinama pembeni, anaangalia kwa taa ya simu mahali pa filtri na pa bushoni. Tone moja likionekana, zima.

Baada ya dakika moja ao mbili za kuzunguka, zima, shusha gari, ngoja dakika kumi, pima tena mahali pa tambarare. Utaona kipimo kimeshuka, sababu filtri imekunywa sehemu yake. Ongeza. Kesho yake, ukiisha kutembea kama kilometa 20, inama tena uangalie chini. Kwa dizeli, usishangae mafuta mapya kuwa meusi kwa siku chache. Masizi ya dizeli yanafanya hivyo, na hiyo si alama kwamba uliuziwa mafuta mabaya.

Shofere anayefanya kazi ya versema, ile pesa ya kila siku anayoleta kwa mwenye gari, atauliza: nusu ya siku hii nani ananilipa? Ni swali la haki. Gari ni ya patro, motere ni ya patro, na siku ya vidanje versema ipunguzwe. Wakubaliane mbele, waandike tarehe pamoja. Patro anayekataa kupoteza nusu siku kila baada ya siku 50 atapoteza juma zima siku motere itafunguliwa.

Mafuta ya zamani yanaenda wapi?

Filtri ya zamani iache imepinduka juu ya basani usiku mzima, inatoa mafuta mengi bado. Kiisha yarudishe yote ndani ya bidoni yenye kifuniko. Kwa miji ya pembeni ya ziwa, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, mfereji wa barabara unaishia ziwani, na kuna familia zinachota maji yaleyale ya kunywa. Mafuta ya motere yanatandaza juu ya maji sana, kidogo tu kinafunika mahali pakubwa. Watu wanayapaka kwenye miti ya kujengea ili mchwa usile, na wenye kupasua mbao wanayatia kwenye mnyororo wa mashini. Hiyo bado ni afazali kuliko mtoni, lakini si karibu na kisima, na si kwenye mbao za kitanda ao za banda la mifugo. Yasipakwe kwenye kidonda wala kwenye ngozi, ya mtu ao ya mnyama, na yasiwashwe jikoni. Mafuta yaliyotumika yana vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mtu anayeyagusa kila siku. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama hauna glavu, na nawa na sabuni mbele ya kula.

Na chupa tupu ya mafuta mapya, ile nzuri yenye alama na kifuniko, usimpe mtu na usiitupe nzima. Itoboe, ao ikate katikati. Chupa hizo njo zinajazwa mafuta ya zamani yaliyochujwa kwa kitambaa, zinafungwa tena, zinarudi kwenye meza ya sokoni kwa bei ya mapya.